Kikohozi baada ya TB: mgonjwa ana haki ya kuelezwa

Kwetu Kinondo, pwani ya kusini ya Kenya, baina ya Diani na Msambweni, mimi huitwa Daktari. Jina hilo nililipata siku niliporejea nyumbani na shahada ya uzamifu katika isimu, na hapana mzee aliyejali kwamba udaktari wangu ni wa viambishi na sauti, wala si wa damu na mapafu. Ndiyo maana jioni moja ya mwaka 2019 mjomba wangu alinijia barazani na bahasha kubwa ya kahawia kwapani. Baada ya shikamoo na marahaba aliitoa picha ya eksirei, akainyanyua mbele ya taa, akasema: "Mpwa wangu, wewe ndiwe daktari wetu. Nisomee."

Sikujua kuisoma. Niliona mbavu, nikaona weusi, na upande mmoja juu nikaona kitu mfano wa duara jeupe ndani ya shimo jeusi, mithili ya yai lililolala kiotani. Nilimwuliza aliambiwaje kule alikopigwa picha ile. Alinijibu kwa maneno mawili: "Hakuna kitu."

Ni kwa ajili ya maneno hayo mawili, ndugu msomaji, ninaandika leo.

Mjomba alikuwa mkwezi wa minazi na fundi wa kuezeka makuti. Mwaka 2016 aliugua kifua kikuu, akameza dawa miezi sita bila ya kuruka siku, akapewa kadi iliyosema amepona. Waama alikuwa amepona. Lakini mwaka 2018 kikohozi kilirudi, mwili ukapungua, na makohozi yakaanza kuwa na michirizi ya damu. Yalipimwa, hayakuonekana vijidudu vya TB. Hata hivyo kituo kimoja kilimwanzishia dawa za TB mara ya pili, na kituo kingine kikamwambia hakuna kitu. Nyumbani hapakuwa na mtu aliyeamini kwamba hakuna kitu. Alitengewa kikombe, akatengewa sahani, akatengewa na mkeka wa kukalia. Nakiri mbele ya wasomaji kuwa mimi, kwa udaktari wangu huo wa kupewa na wanakijiji, ndiye niliyeshauri kikombe kile kitengwe. Anayejua mjomba ni nani kwa Mdigo ataelewa uzito wa ungamo hili.

Ilipofika mwaka 2021 ndipo afisa mmoja wa kliniki, kijana mpole, alipomwomba mjomba alete picha zake zote za zamani. Alizipanga kwa miaka, akazitazama moja baada ya nyingine, kisha akatamka neno ambalo hakuna aliyewahi kulitamka katika miaka mitatu ile: kuvu. Kipimo cha damu kilichofanywa Mombasa kilithibitisha maneno yake. Mjomba hakuwa na TB tena. Alikuwa na kuvu iliyoota ndani ya tundu ambalo TB ililiacha, na ugonjwa huo haumwambukizi mtu. Kikombe kile hakikuwa na sababu tangu siku ya kwanza.

Ugonjwa wenyewe ni upi? Kuna jamii ya kuvu iitwayo kitaalamu aspajilasi. Huota katika majani yanayooza, makumbi ya nazi yaliyolowa, makuti makuukuu, nyasi kavu na nafaka iliyohifadhiwa vibaya. Mbegu zake ni ndogo mno, huelea hewani, na kila mmoja wetu huzivuta kila siku. Mapafu mazima huzisafisha bila ya mwenyewe kujua. Lakini mapafu yaliyotobolewa na TB ni kama nyumba iliyohamwa: madirisha wazi, hakuna anayefagia. Mbegu hutua katika tundu, huota, na baada ya muda huweza kujiviringa ikawa donge. Huo ndio ugonjwa sugu wa kuvu ya mapafu, nao huenda polepole. Dalili zake ni kikohozi cha miezi mitatu au zaidi, kukonda, uchovu mwingi, kukosa pumzi na pengine kukohoa damu. Msomaji ataona mara moja kuwa hizo ni dalili zilezile za kifua kikuu. Hapo ndipo mtego ulipo.

Wala tusidhani ni kisa cha mtu mmoja wa Kinondo. Mwaka 2011 taarifa ya Shirika la Afya Duniani ilichapisha makadirio kuwa watu wapatao milioni 1.2 ulimwenguni walikuwa na ugonjwa huu baada ya kuugua TB. Jirani zetu wa Uganda walikwenda mbali zaidi ya makadirio. Huko Gulu, watafiti waliwafuatilia watu waliokwisha kutibiwa TB, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2019 yanaonyesha kuwa miongoni mwa waliobakiwa na matundu mapafuni, takriban mmoja katika kila wanne alikuwa na kuvu. Miongoni mwa wasio na matundu, hawakufika hata mmoja katika mia. Kenya ilikuwa katika orodha ya Shirika hilo ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB kwa kipindi cha 2021 hadi 2025. Palipo na TB nyingi, pana matundu mengi. Na mnamo Oktoba 2022 Shirika hilohilo lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu 19 zinazohitaji kushughulikiwa, na kuvu hii tunayoizungumzia ikawekwa katika daraja la juu kabisa la hatari.

Sasa niruhusiwe kuingia katika shamba langu mwenyewe, ambalo ni maneno.

Jina aspajilasi lilitolewa mwaka 1729 na kasisi wa Kitaliano, Pier Antonio Micheli, aliyekuwa pia mtaalamu wa mimea. Aliitazama kuvu hiyo kwa kioo cha kukuzia, akaona kichwa chake chenye nyuzinyuzi kimefanana na kile kifaa cha kanisani cha kunyunyizia maji ya baraka. Akaipa jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kunyunyiza. Kwa hiyo jina linalomtisha mgonjwa wetu halina kitisho chochote ndani yake. Ni mzungu aliyeona kitu, akakifananisha na chombo alichokuwa akikishika kila Jumapili. Nasi tunaweza kufanya vivyo hivyo, kwani lugha yetu haikupungukiwa.

Tatizo ni kwamba maneno tuliyo nayo tunayatumia ovyo. Kliniki nyingi husema "fangasi". Lakini katika vinywa vya watu, fangasi ni muwasho wa vidole vya miguu au wa sehemu za siri. Mzee wa heshima akiambiwa mbele ya foleni kuwa ana fangasi, hujifunika uso kwa aibu na harudi tena. Neno "ukungu" nalo ni zuri, lakini ndilo tulitumialo kwa umande mzito wa asubuhi. Limebaki neno "kuvu", ambalo kila mama ajua maana yake, kwani huiona juu ya mkate uliolala na mahindi yaliyonyeshewa. Ila nalo lina mkia. Tangu mwaka 2004, sumukuvu ya mahindi ilipowashika watu 317 na kuwaua 125 kati yao katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake, Wakenya wengi wakisikia kuvu hufikiri sumu ya chakula. Ni kweli kuvu itoayo sumu hiyo ni ya ukoo mmoja na hii ya mapafu. Lakini ile huingia kwa kinywa, ndani ya chakula, ikaharibu ini. Hii huingia kwa pua, pamoja na hewa, ikaota kifuani. Napendekeza basi kwamba mgonjwa aambiwe kwa ukamilifu: "Una kuvu ya mapafu. Imeota mahali palipoachwa wazi na TB. Haiambukizi mtu." Ni sentensi tatu. Hata foleni iwe ndefu namna gani, hazimalizi nusu dakika.

Nirejee kwenye yale maneno "hakuna kitu". Mpimaji wa makohozi anaposema hakuona vijidudu, amesema jambo la kweli na lenye mpaka: hakuona vijidudu vya TB katika makohozi yale. Neno hilo linapotoka maabara kwenda kwa daktari, kutoka kwa daktari kwenda kwa mgonjwa, hukatwa mkia njiani, likafika nyumbani likiwa "hakuna kitu". Kutoonekana kwa TB si ushahidi wa afya. Ni swali jipya: ikiwa si TB, ni nini? "Umepona" nalo lina mpaka wake. Vijidudu vimekufa, lakini mapafu hayakurudi yalivyokuwa. Wahenga walituonya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa mapafu hauzibiki, basi angalau ulindwe.

Mgeni aingiapo Kaya Kinondo, msitu wetu mtakatifu ulio miongoni mwa makaya ya Mijikenda yaliyotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008, hufungwa kaniki kiunoni, hupewa wa kumwongoza, na huelezwa kabla ya hatua ya kwanza ni nini atakachokiona na ni nini asichoruhusiwa kukigusa. Mgonjwa aingiapo kliniki ya kifua, nani humfunga kaniki? Kwa kuwa aghalabu hakuna, acha nijaribu kuwa kiongozi wake, kwa niliyojifunza nikimsindikiza mjomba.

Kwanza, ataulizwa mengi, na asichoke. Aliugua TB mwaka gani? Alimaliza dawa? Amekohoa muda gani? Amepungua kilo ngapi? Anafanya kazi gani? Basi abebe kadi yake ya TB na picha zote za zamani, hata zilizokunjika. Picha moja humwonyesha daktari hali ya leo. Picha tatu za miaka mitatu humwonyesha safari. Abebe pia kila dawa anayoitumia, pamoja na mizizi ya mganga, bila ya kuona haya.

Pili, atapimwa. Makohozi yatachunguzwa kwa mashine ya GeneXpert, kwa sababu TB yaweza kurudi kwa kweli, na hapana ruhusa ya kuipuuza. Atapigwa eksirei. Atatolewa damu kutafuta chembe za kinga ambazo mwili huziunda kupigana na aspajilasi, na hicho ndicho kipimo kikuu. Pengine atatumwa kupigwa picha ya CT, ambayo huonyesha tundu na donge kwa uwazi zaidi. Majibu yanaweza kuwa mengine kabisa: pumu, saratani, moyo. Si kila kikohozi baada ya TB ni kuvu. Ninachodai ni kwamba kuvu iwe katika orodha ya maswali.

Tatu, akithibitishwa kuwa nayo, hatapewa sindano ya siku moja. Dawa inayotumika sana ni itrakonazoli, vidonge vya kila siku kwa miezi mingi. Uchunguzi uliofanywa India na kuchapishwa mwaka 2022 ulilinganisha matibabu ya miezi 6 na ya miezi 12: katika kundi la kwanza ugonjwa uliwarudia takriban 38 katika kila mia, katika la pili takriban 10. Kwa hiyo mgonjwa ajitayarishe kwa safari ndefu, na daktari amwambie hivyo siku ya kwanza, asimwache akahesabu wiki. Vidonge hivyo humezwa pamoja na chakula, na dawa za kupunguza asidi ya tumbo huvizuia visifanye kazi. Rifampisini, iliyo nguzo ya matibabu ya TB, huiondoa itrakonazoli mwilini upesi mno. Ndiyo maana kumpa mgonjwa wa kuvu dawa za TB asizozihitaji ni hasara juu ya hasara. Baadhi ya dawa za Ukimwi na za kupunguza mafuta ya damu nazo hugongana nayo.

Nne, ataitwa kurudi. Atapimwa uzito, shinikizo la damu na ini. Akiona miguu imevimba, pumzi imezidi kukatika au macho yamekuwa manjano, asingoje tarehe ya kadi. Na ajue mapema kuwa ushindi wa ugonjwa huu si lazima uwe kupona kabisa. Mara nyingi ni kusimama kwa ugonjwa, kuongezeka kilo, kulala usiku bila ya kukohoa. Anayeahidiwa zaidi ya hapo huvunjika moyo akaacha dawa.

Tano, na hili aliandike ukutani: damu. Michirizi michache aitaje kliniki. Lakini akikohoa damu ya kujaa kikombe, ni hospitali saa hiyohiyo, iwe mchana au usiku. Ipo dawa ya kuizuia damu, upo ufundi wa kuuziba mshipa unaovuja, na kwa baadhi ya wagonjwa wenye donge moja na mapafu yenye nguvu, upo upasuaji.

Zaidi ya hayo, aepuke kazi za vumbi la kuvu: kushusha makuti makuukuu, kugeuza makumbi yaliyooza, kufagia ghala la mahindi. Asipokuwa na budi, afunike pua na mdomo.

Najua hoja ya wenzetu wa afya. Wahudumu ni wachache, mashine ni chache, na Kinondo si Manchester, ambako Waingereza wana kituo cha taifa cha ugonjwa huu tangu mwaka 2009. Sikatai. Lakini mengi niliyoyataja hayahitaji Manchester. Kuuliza "uliwahi kuugua TB?" hakuna gharama. Kumpiga mgonjwa picha anapomaliza dawa za TB, ili ijulikane nani amebakiwa na tundu, ni kazi ya eksirei ileile. Kipimo cha damu kinaweza kuchukuliwa hospitali ya rufaa ya Msambweni na damu ikapelekwa kunakopimwa, badala ya mgonjwa asiye na pumzi kubanana katika matatu na kivuko cha Likoni. Na dawa? TB hutibiwa bure katika vituo vya serikali, na ni jambo la kujivunia. Aliyeachiwa kuvu na TB hiyohiyo hatakiwi kuachwa dirishani pa duka la dawa akihesabu sarafu. Shirika la Afya Duniani liliitia itrakonazoli katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2017. Afya imekuwa mikononi mwa kaunti tangu mwaka 2013. Kwale iiweke dawa hiyo katika manunuzi yake, na Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, iwahesabu wagonjwa hawa miongoni mwa wenye maradhi sugu.

Na kuelezwa si hisani. Katiba ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili daraja la lugha ya taifa na lugha rasmi, ikampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu, pale inapowezekana, amweleze mgonjwa hali yake kwa lugha anayoielewa. Kiswahili kinaeleweka Kinondo, na palipo na Kidigo pawe na Kidigo. Mjomba alikwenda kliniki kwa miaka mitatu akitoka na karatasi za Kiingereza, akamletea mpwa aliyesoma isimu amsomee picha ya mapafu. Lawama hiyo si ya mtu mmoja, na mimi nimekwisha kutaja fungu langu.

Mjomba alimeza dawa miezi 12. Minazi hapandi tena, na makuti huyasuka akiwa amekaa, mabichi, si makuukuu. Siku alipopewa majibu kutoka Mombasa aliingia jikoni kwa dada yake, yaani mama yangu, akakichukua kikombe chake kilichotengwa, akakiweka kabatini katikati ya vikombe vingine. Hakusema neno. Siku hizi nikitiliwa chai pale nyumbani sijui ninywea kikombe kipi, wala siulizi.